Aliyepokea Salamu Zetu

Sultan Hamud
6 Februari 1983

Dada yangu Nthenya,

Nakusalimu wewe Mwalimu, na bwana yako Mutiso kama amerudi na lori lake kutoka Garissa, na watoto wote mpaka yule mdogo Mumbua ambaye sijamwona. Mimi ni mzima. Cherehani nayo ni nzima isipokuwa mkanda, ambao nimeufunga kwa raba ya baiskeli. Gachanja, mwenye duka ninayekodi baraza lake, anakusalimu ingawa hakujui. Ni mtu wa adabu, anasalimia hata barua.

Katika barua yako ya Krismasi uliniuliza mambo sita na sijajibu hata moja. Sasa sitaweza, kwa sababu barua sina. Alhamisi nilitundika koti kwenye msumari wangu wa siku zote, nikapima wateja, na jioni nilipolivaa pochi haikuwemo. Ndani mlikuwa na kipande changu cha kitambulisho, picha ya mama yetu Mwaitu, na zile kurasa zako nne ambazo nilikuwa nikizisoma kidogo kidogo. Pesa zilikuwa chache, hizo sizililii.

Mteja wa mwisho siku hiyo alikuwa mtu mpole nisiyemjua, anataka suruali ya kaki. Nilipomaliza kumpima nikatazama daftari, nikadhani nimekosea, nikampima tena. Kiuno, paja, urefu wa mguu, hata ule mguu wa kushoto unaozidi wa kulia kwa nusu inchi. Vilikuwa vipimo vyangu mwenyewe, Nthenya. Miaka kumi na nne nashona na sijaona jambo hilo. Nikamtania, "Wewe ukifa mimi nitarithi nguo zako." Hakucheka. Aliniuliza kama mama yangu bado yuko hai, nikamwambia yuko.

Suruali nimeimaliza, iko kwenye rafu. Hajaja kuichukua.

Gachanja ananisukuma niende polisi. Lakini wakitaka kunipa kipande kingine wataniagiza nikalete barua ya chifu wa nyumbani, na wewe unajua mimi na nyumbani. Kipande ni karatasi. Uso ninao. Nitakwenda nikipata nafasi.

Nisalimie Mwaitu.

Ndugu yako,
Muthama


Mwingi
13 Machi 1983

Kaka Muthama,

Sisi sote tuko salama. Mutiso alirudi na vumbi la Garissa mpaka kwenye masikio, Mumbua ameota meno mawili, na mwalimu mkuu wetu, Bwana Musembi, ameninyima likizo kwa mara ya tatu. Wewe bado unalala na cherehani tu? Miaka thelathini na saba, kaka. Hata Gachanja mpe kazi ya kukutafutia mke.

Kwanza nikugombeze. Nenda polisi kesho asubuhi. Usingoje mwisho wa mwezi, usingoje huyo mtu wa suruali. Mtu akiwa na kipande chako anaweza kukopa kwa jina lako, akapiga mtu kwa jina lako, na askari wakaja kukushika wewe ukiwa umekaa unatia uzi kwenye sindano. Uso wako haujulikani na chifu wala karani. Wao wanajua karatasi.

Sasa niache ukali, maana nimefurahi mpaka nimelia mbele ya walimu wenzangu. Asante kwa kwenda nyumbani! Shangazi Kalunde alikuja sokoni Jumatano akanishika mikono yote miwili: "Muthama amekuja! Amekaa na mama yake siku tatu!" Anasema umelitengeneza ghala, na Mwaitu, ambaye macho yake sasa yamefunga kabisa, anaimba nyimbo za kanisani akipepeta. Miaka tisa, kaka. Lakini ulishindwaje kupita kwangu? Kutoka nyumbani mpaka hapa ni mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu. Hilo nitakulipiza.

Dada yako,
Nthenya


Sultan Hamud
2 Aprili 1983

Nthenya,

Natumai hamjambo.

Sikwenda nyumbani. Sijatoka hapa tangu Oktoba, nilipokwenda Kilungu kununua machungwa.

Muulize tena shangazi. Pengine Mwaitu ameota, na shangazi akaeneza ndoto. Watu wazee wanaweza kutamani kitu mpaka wakakikalisha kwenye kiti. Lakini uulize vizuri, na uniambie huyo mtu alivaa nini.

Muthama


Mwingi
19 Juni 1983

Ndugu yangu,

Nimekawia kwa sababu ya malaria yangu, halafu ya watoto, halafu kwa sababu sikujua nianzie wapi.

Nilikwenda nyumbani shule zilipofungwa. Yeye sikumkuta. Alikuwa ameondoka siku mbili kabla, akasema anafuata kazi ya kupasua kokoto na atarudi. Lakini ghala lina paa jipya. Matuta ya shamba la chini yamechimbwa upya, na wanawake wa mwethya, wanaolimiana kwa zamu, wanasema alichimba pamoja nao tangu asubuhi, na walipoimba aliitikia. Hiyo si ndoto, Muthama. Ndoto haichimbi matuta.

Nilimuuliza, "Mwaitu, ulijuaje kwamba ni Muthama?"

Akasema, "Aliniuliza kama jino langu limepona."

Tena aliuliza mguu wa shangazi Kalunde unaendeleaje. Akauliza kama ng'ombe mwekundu amezaa. Akauliza kama Mumbua amebatizwa. Hapo nikakaa juu ya kinu. Jino, mguu, ng'ombe, Mumbua. Hizo ndizo salamu za ukurasa wa kwanza wa barua yangu ya Krismasi, kwa mpango uleule. Sisi tumelelewa tukijua kwamba barua isiyomtaja kila mtu ni matusi, kwa hiyo nilimtaja kila mtu, na ugonjwa wake, na mifugo yake. Nilimchorea mwizi ramani ya nyumba yetu kwa mwandiko mzuri wa darasani. Nimeona haya sana.

Utauliza kama nilimwambia Mwaitu ukweli. Nilifungua mdomo. Alikuwa anakula muthokoi, na wewe hujui, sikutaka kukuandikia, kwamba tangu mwaka jana alikuwa anasukuma sahani. Alikuwa anakula na kuramba vidole. Nikafunga mdomo.

Sasa fanya hivi bila kubisha. Nenda polisi, wakupe karatasi yenye muhuri kwamba kipande kilipotea na siku kilipopotea. Nenda posta unapoweka akiba, uwaambie mtu asihudumiwe kwa kipande hicho, na ubadilishe sahihi. Mwandikie chifu. Halafu uje mwenyewe. Karatasi haiwezi kusimama mlangoni pa Mwaitu ikaitwa mwana.

Tangu leo sitaandika jina la mtu kwenye salamu. Wote hawajambo. Inatosha.

N.


Sultan Hamud
10 Julai 1983

Dada,

Huku pia wote hawajambo, yaani mimi.

Nilikwenda kituoni Jumatatu nimevaa shati la kanisani. Askari wa zamu aliandika jina langu nusu, akasimamisha kalamu. Akafungua kurasa za nyuma. "Muthama Ndolo? Huyu alishafika."

Alinisomea. Tarehe saba Februari, siku moja baada ya mimi kukuandikia, Muthama Ndolo alifika pale na kipande chake mkononi. Alisema kuna fundi wa cherehani katika mji huu anayejiita kwa jina lake, na fundi huyo akija kudai kwamba amepoteza kipande, aulizwe vizuri. Askari akafunga kitabu, akanitazama viatu mpaka kichwa. "Na wewe unafanya kazi gani, mzee?"

Nthenya, sijui ni nini kilinipata. Nilisema mimi ni mkulima, natafuta ng'ombe aliyepotea. Nikatoka.

Posta nako, ili niseme kipande kimepotea lazima kwanza nionyeshe kipande. Nilimleta Gachanja anishuhudie. Akasema, "Huyu namjua, miaka tisa yuko barazani kwangu." Karani akamuuliza kama anawajua wazazi wangu. Gachanja ni mtu wa kweli, na siku hiyo nilitamani awe mwongo. Alisema, "Mimi najua jina alilonipa." Tulirudi dukani. Tangu siku hiyo naona ananitazama nikiwa nimeinama kazini, halafu akiona nimeinua kichwa anapanga sabuni.

Nimemwandikia chifu kurasa mbili.

Ile suruali ya kaki niliishusha jana nikaijaribu. Imenikaa bila kasoro, na mifuko ilikuwa na joto. Ni jua la mabati, najua. Nimeirudisha kwenye rafu.

Muthama


Mwingi
2 Oktoba 1983

Muthama,

Wote hawajambo.

Nimemwona. Alikuja shuleni, akasimama nje ya darasa langu mpaka kengele ikalia. Aliniita Kanini. Hilo ni jina nililoitwa nikiwa bado nanyonya, na sikuliandika katika barua yoyote. Mwaitu atakuwa amemwambia. Anamwambia mengi.

Usimwandikie chifu tena. Barua yako ilisomwa barazani kwa chifu, na yeye alikuwa amekaa mbele, kipande mfukoni. Alipoitwa alisimama akakionyesha. Watu walicheka, wakasema huko Sultan Hamud kuna wezi wa ajabu, mtu hata mama wa mwenzake anamtaka.

Sasa sikiliza. Maofisa wa kupima mashamba wamesema watafika kwetu tarehe 16 Aprili. Kila nyumba isiyo na baba itoe mwana mwenye kipande, na jina lake ndilo litakaloandikwa. Likiandikwa halifutiki kwa barua. Shamba la Baba litakuwa la Muthama Ndolo, na wewe mwenyewe hesabu Muthama Ndolo ni nani siku hiyo.

Nitasimama nawe. Lakini niko na jambo, na usinikasirikie. Nimekaa na barua zako zote mezani, nikajiuliza nina hakika gani ni nani anayeziandika. Ndugu yangu sijamwona tangu mwaka wa sabini na nne. Wewe unajua mambo yangu kwa barua. Yeye naye anajua mambo yangu kwa barua.

Kwa hiyo nijibu kitu kimoja ambacho hakuna aliyewahi kukiandika. Kwa nini hukuja kumzika Baba?

Nthenya


Sultan Hamud
30 Oktoba 1983

Nthenya,

Unanitahini kama mtoto wa darasa la nne. Sawa.

Tulipokuwa tunachunga kule mtoni Tyaa ulikanyaga nyoka, mimi nikakubeba mgongoni mpaka nyumbani, na kumbe nyoka mwenyewe alikuwa amekufa tangu jana. Kidole changu kidogo cha mkono wa kushoto hakikunjiki. Wewe uliogopa jogoo mweupe mpaka ukiwa msichana mkubwa. Je, mtu wa kuokota pochi anajua hayo?

Hilo la Baba liache. Nilikuwa mgonjwa, nilituma salamu wakati ule. Kama unataka sana kuulizauliza, muulize yeye.

Kaka yako, ukitaka usitake,
Muthama


Mwingi
8 Januari 1984

Muthama,

Wote hawajambo, ila njaa. Mvua ya Novemba ilikuja siku nne ikarudi ilikotoka. Watu wameshaipa njaa hii jina, *nikw'a ngwete*, nakufa nimeshika, maana mtu ana pesa mkononi na dukani hakuna mahindi. Zile ulizotuma ziko chini ya godoro la Mwaitu. Yeye huyo mwenye kipande chako alitembea siku mbili akarudi na debe la mahindi ya njano begani. Sikuuliza aliyapata wapi. Anachimba mchanga wa Tyaa mpaka kimo cha mtu ili Mwaitu apate maji ya kuoga. Kuoga, Muthama, wakati wengine hawana ya kunywa.

Ya nyoka nilikuandikia mwenyewe mwaka wa sabini na tisa, ulipokuwa na homa, ili ucheke. Kidole, Mwaitu amemwambia. Ya jogoo ameisimulia yeye mbele ya watoto wangu, wakavunjika mbavu.

Ulisema nimuulize, nikamuuliza. Tulikuwa jikoni sisi watatu. Nilisema, "Kwa nini hukuja kumzika Baba?" Alichokoa makaa mpaka moto ukataka kuzima. Halafu akalia. Alilia kama mtu mzima anavyolia akiwa hana namna. Akasema, "Niliona haya." Na Mwaitu alipapasa mpaka akampata kichwa, akamwambia, "Basi, yameisha."

Unaona alichochukua? Msamaha wako ameuchukua. Ulikuwa umewekwa pale miaka kumi, ukikungoja wewe.

Nijibu. Zimebaki siku tisini na tisa.

Nthenya


Sultan Hamud
4 Machi 1984

Dada yangu,

Salamu zangu leo sitazipunguza. Msalimie Mutiso, msalimie Mumbua na ndugu zake, msalimie shangazi Kalunde na mguu wake, msalimie Mwaitu. Huyo mtu akisoma na asome. Hakuna tena cha kuficha.

Nimeandika barua hii mara tano na kuichana. Gachanja amenikataza kuchana karatasi zake.

Unakumbuka Baba alivyonifukuza, nilipouza ndama bila ruhusa ili ninunue cherehani. Alisema nisirudi mpaka aniite. Nilikaa hapa nikimngoja aniite, na nilikuwa na hasira, nilitaka aniite ili nikatae. Basi mwaka ule wa sabini na nne aliniita. Alimtuma dereva mmoja wa lori, Ndungu, ambaye hakuwa akinijua kwa sura. Ndungu alisimamisha lori mbele ya baraza, mimi niko kwenye cherehani, nashona shela ya harusi. Akauliza kwa sauti, "Muthama wa Ndolo yuko hapa? Baba yake anamwita. Ni mgonjwa sana. Anasema aje amtemee mate kifuani, ambariki kabla hajaenda."

Sikuinua kichwa. Nilikanyaga mashine. Nikasema, "Muthama hayuko hapa. Alihama."

Ndungu akauliza alihamia wapi. Nikasema sijui, simjui vizuri.

Nilidhani nitakaa na hasira wiki mbili, halafu nitakwenda. Baba alikaa siku nne. Habari iliponifikia sikuwa mgonjwa, Nthenya. Nilipanda basi mpaka Machakos nikashuka, nikakaa stendi kutwa nzima, nikarudi. Ningeshikaje udongo wa kumtupia? Kwa mkono gani?

Kwa hiyo usinieleze kuhusu wizi. Huyo mtu alichukua pochi kwenye koti lililotundikwa. Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kusema Muthama hayupo. Nilisema kwa mdomo wangu, na nikaaminiwa. Nafikiri tangu siku ile jina lile lilikuwa wazi, mlango haukufungwa, na ilikuwa tu ni suala la nani atapita.

Mwambie Mwaitu yote. Nakuja tarehe 16 Aprili kwa basi la kutoka Kitui. Nitashuka njia panda ya kwetu alasiri. Nitasimama mbele ya chifu na maofisa na huyo mtu, niseme mimi ni nani. Waambie maofisa wanisubiri.

Ndugu yako wa tumbo moja,
Muthama


Mwingi
29 Aprili 1984

Muthama,

Sitaki kukusalimu lakini nimefunzwa vizuri. Hujambo.

Barua yako ilifika, na niliisoma jikoni nyumbani, yote, kwa sauti. Mwaitu alikuwa amekaa kwenye kigoda na yeye huyo amekaa mlangoni. Nilipofika pale pa "alihama" ilibidi nianze tena. Yeye hakukimbia. Aliinama tu.

Na mimi nikakiri langu. Nilimwambia Mwaitu kwamba nilijua siku ile shuleni, kabla hajafungua mdomo, kwamba huyu si ndugu yangu. Nilijua, na nikampa mkono, nikamwita kaka. Nilikuandikia nina shaka. Shaka sikuwa nayo hata ya kujaza kijiko. Nilikuwa naona Mwaitu anakula, na nikaona njaa inakuja, na nikachagua. Nisamehe ukiweza.

Mwaitu alingoja nimalize kulia. Akasema, "Kanini, nyinyi mnafikiri mimi ni kipofu wa wapi? Yule nilimzaa. Nitashindwaje kujua harufu yake?" Alijua tangu siku ya kwanza, Muthama. Tangu lile jino. Akasema, "Niliyemzaa aliitwa, hakuja. Huyu hakuitwa na mtu, akaja. Ningemfukuza kwa sababu gani?"

Yeye huyo akasema maneno machache. Kwamba hana mtu. Kwamba hakuna aliyewahi kumwandikia barua maishani, na alipoifungua yangu akaona watu wote wale wanatajwa, wanaulizwa hali, alisoma mpaka karatasi ikachanika mikunjo. Alikwenda polisi kwa sababu aliogopa kunyang'anywa. Jina lake la zamani nilimuuliza. Akasema halikumbuki vizuri.

Lakini Mwaitu akasema pia, "Nitamngoja mwanangu siku hiyo. Akija, nitamshika mkono mbele ya watu wote, na huyu atahamia nyumba ya pili, tutaishi." Naye akakubali. Alikitoa kipande akakiweka mkononi mwa Mwaitu.

Tarehe 16 maofisa walifika saa nne. Mwaitu aliwaomba wasubiri basi la Kitui, wakakubali kwa heshima ya umri wake. Tulishuka mpaka njia panda, mimi nimeshika mkono wake mmoja, yeye huyo ameshika wa pili. Basi lilikuja saa kumi kasoro. Walishuka wanawake wawili na gunia. Nilitazama mlango mpaka ukafungwa.

Utingo akapiga ubavu wa gari liondoke. Mwaitu akainua mkono. "Kuna mmoja hajashuka."

Utingo akasema, "Hapana, mama, wa hapa wote wameshuka."

Alisimama ameelekeza uso kwenye madirisha, basi likawaka, likaenda, vumbi likatufunika. Hakuufuta uso wake. Akauliza kama limeshapita kilima. Nikasema limepita. Akampapasa yeye huyo kifua, akamfungua vifungo viwili vya shati, akamtemea mate ya baraka hapo barabarani. Kisha akasema twende, maofisa wana kazi nyingine.

Mwaitu alimrudishia kipande, naye ameandikwa. Kidole gumba chake kimewekwa, na mimi nimeweka sahihi ya shahidi.

Ulikuwa wapi?

Nthenya


Sultan Hamud
20 Mei 1984

Dada,

Salamu kwako na kwa nyumba yako yote.

Nilikuwa kiti cha sita, upande wa kushoto, dirishani.

Nilikuwa nimeshasimama. Koti nilikuwa nimevaa, mzigo mkononi. Halafu nikawaona mmesimama pale watatu, na mnavyoshikana, na nikaona alivyoinama kumkinga Mwaitu jua kwa mwili wake bila kuambiwa. Mabega yake ni yangu. Hata anavyosimama, na ule mguu. Nilijiona niko pale chini, nimerudi kwa mama yangu, kila kitu kimekwisha vizuri. Nilimwonea wivu, na papo hapo nikaona haya, na haya ikashinda. Nikaketi.

Utingo aliniuliza, "Si ulisema unashuka hapa?"

Nikamwambia, "Si mimi."

Mwaitu alinitazama, Nthenya. Macho yake yale meupe yalikuja moja kwa moja kwenye dirisha langu, yakakaa hapo. Kati yetu palikuwa na kioo tu. Angetaja jina langu ningeshuka, naapa. Hakulitaja. Lilikuwa na mwenyewe pembeni yake.

Nilishukia Mwingi, nikanywa chai karibu na shule yako, nikapanda gari la kurudi. Sina hasira na wewe. Ulimlisha mama yetu kwa ulichokuwa nacho.

Wiki iliyopita nilikwenda kuomba kipande kipya, maana bila kipande kila kizuizi cha barabarani ni kubembeleza askari. Karani alinipa fomu akaniambia nianze na jina. Niliishika kalamu mpaka watu wa nyuma wakaanza kunung'unika. Yule wa nyuma yangu alinigusa bega, "Mzee, andika, jina nalo ni hesabu?" Nikamwachia nafasi. Nitarudi siku nyingine.

Hapa barazani Gachanja ananiita Fundi, na wateja wananiita Fundi. Linatosha kwa kazi.

Ukitaka kuniandikia, nami nakuomba uniandikie, juu ya bahasha weka jina la Gachanja na sanduku lake, mimi nitaelewa. Usiandike Muthama. Barua ya Muthama mpelekee nyumbani, na ukimwandikia uanze kwa kumsalimu kila mtu.

Fundi